Gitaa la Baba Kwenye Dari la Kogo

Nikifungua begi la gitaa langu la besi kwenye harusi, lazima mtu akunje pua na kuuliza ni nani anachoma kuni. Huwa nacheka tu. Miaka mingi imepita, nyaya nimebadilisha sijui mara ngapi, lakini ule moshi wa jikoni kwa bibi yangu Kogo haujatoka ndani ya mbao hiyo. Leo wacha niwaambie ulivyoingia, maana mimi ndiye niliyeupa nafasi.

Gitaa lilikuwa la Baba. Mchana alichuma chai yetu, jioni alikama ng'ombe wawili, halafu alinawa mikono mara mbili na kulitoa chini ya kitanda. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, na yeye hakuona ubaya kunifundisha. Kidole cha shahada na cha kati vipokezane, alisema, kama miguu ya mtu anayepanda mlima. Ukiruka kwa mguu mmoja utachoka njiani. Nilitoka malengelenge nikalia, akacheka, akanipaka samli. "Besi hakuna anayeisikia," aliniambia, "lakini ikinyamaza, watu wote wanaacha kucheza." Tukimaliza alifuta kila waya kwa kipande cha fulana kuukuu, maana kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri na chuma kinashika kutu ukikiangalia.

Mwaka huo bendi moja ya Bomet ilikimbiwa na mpiga besi wake, naye akaenda na gitaa lake. Mwenye bendi akamwita Baba apige nao Jumamosi moja, kwenye harusi kule Siongiroi. Akipendeza, nafasi ni yake. Ai, mngemwona Baba! Alichuma chai huku akipiga besi kwa mdomo, hadi majirani wakamuuliza kama ana homa. Alikuwa ameingoja nafasi hiyo tangu kabla sijazaliwa.

Wiki ileile ya harusi dada yake wa Fort Ternan akaugua, ikabidi Baba aende kumsaidia mpaka Ijumaa. Aliniachia gitaa na neno moja tu: unyevu usiliguse.

Sasa, mvua ya wiki hiyo ilikuwa na hasira. Chumba kilinuka ukungu, hata viatu vyangu vya shule viliota nywele nyeupe. Nikaenda kumlilia Kogo, mama yake Baba, aliyeishi kwenye nyumba ya udongo nyuma ya yetu. Kogo hakufikiria mara mbili. Mbegu ya mahindi yeye aliiweka wapi? Na vibuyu vyake vya maziwa ya mursik je? Kwenye tabut, lile dari la miti juu ya moto, ambako mdudu hafiki na hakuna kitu kilichowahi kuoza. "Lakwani, mtoto wangu, lete hapa," alisema. Tulilifunga kwa blanketi tukalipandisha pamoja, na kila siku aliongeza kuni kwa ajili yake. Nililala usingizi mtamu, nikijua mali ya Baba iko salama.

Ijumaa jioni Baba alilishusha. Shingo ilikuwa imepinda, nyaya zimesimama mbali na mbao hivi kwamba kidole changu kilipita chini yake. Siku tano za joto, na nyaya tulikuwa tumeziacha zimekazwa, zikaivuta. Shuleni tulifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia, na shingo ikapinda vilevile. Nilingoja kiboko; afadhali kingekuja. Baba alilegeza nyaya mojamoja, akazikaza tena, akaangalia, akatikisa kichwa, akaniambia nikalale.

Siongiroi nilienda naye. Sauti za kule juu karibu na kichwa cha gitaa zilikubali, lakini mkono ukishuka kidogo tu, besi iliachana na wenzake, na mwimbaji akageuka kumwangalia. Kubonyeza nyaya zile kulitaka nguvu, na nikaona damu kwenye kidole chake. Hata keki haijakatwa, mwenye bendi akamgusa bega.

"Mzee, pole, lakini besi iko nje ya sauti. Shida ni gitaa?"

Nikafungua mdomo. Baba akanitangulia. "Hapana. Ni vidole tu, vimezeeka."

Nafasi akapewa kijana wa Sigor. Hata leo sijui kama angesema ukweli angeitwa siku nyingine.

Tulipofika nyumbani Kogo alikuwa amesimama mlangoni. Kitu cha kwanza aliuliza kama gitaa lilikaa kavu. "Kavu kabisa, Mama," Baba akasema. "Umeniokoa." Kuhusu bendi, akamwambia walikuwa wameshapata mtu. Nilikimbilia kwenye shamba la chai nikalia kwa hasira. Baba wangu ni mwoga, nilijiambia, na nikaamini hivyo kwa miaka mingi, hata baada ya seremala kulinyoosha lile gitaa kiasi na Baba kunipa liwe langu.

Halafu siku moja, nikiwa tayari napiga kwenye bendi, wageni walikuja kumjulia hali Kogo. Alikuwa haoni tena. Nikamsikia akiwasimulia, kwa madaha yake yote, jinsi alivyoliokoa gitaa lisioze, na ndiyo sababu mjukuu wake leo anaitwa kila mahali. "Au sivyo, lakwani?"

Jamani, nilikuwa nimelishika jibu la kweli tangu nikiwa na miaka kumi. Lilikuwa kwenye ulimi. Nikamtazama yule mama mzee, uso umeelekea upande niliko, anangoja, na nikaona kwamba sentensi moja tu yangu ingemnyang'anya kitu ambacho hangekipata tena kabla ya kufa. Baba alikuwa amekaa mbele yangu akiangalia kikombe chake. Ndoto yake nzima aliitoa siku ile ili mama yake asijilaumu, wala mimi. Na mimi nikamwita mwoga.

"Ndivyo, Kogo," nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa. Baba aliinua macho kutoka kwenye kikombe. Alisukuma sahani ya mahindi ikaja upande wangu.