Ndege ya Nangara Iliyoruka Bila Umeme

Kabla hujanibishia, nenda kamuulize mke wangu. Mama Neema ni mtu wa kwaya, hapendi habari za mizimu wala hajui kutunga hadithi. Akikuambia jambo hili halikutokea, nami nitafuta maneno yangu yote. Lakini hatakuambia hivyo, maana aliliona kwa macho yake mwenyewe.

Mimi ni fundi wa TV na redio. Kibanda changu kiko Bagara, nyumbani ni Nangara, hapa hapa Babati mjini. Tangu utotoni nilitaka kuwa rubani, ila jicho langu la kushoto halioni vizuri, kwa hiyo mambo yaliishia hapo. Hamu haikuisha. Miaka mitatu iliyopita nikaanza kujenga chumba cha marubani cha ndege kubwa ya abiria, kile cha mbele kabisa, ndani ya stoo yetu ya mahindi.

Usidhani ni mchezo wa watoto. Nilikata plaiwudi, nikatoboa matundu ya swichi na taa mpaka vidole vikaota sugu. TV tatu nilizofufua zikawa vioo vya mbele. Viti viwili na mikanda yake nilivitoa kwenye basi bovu. Kwenye kompyuta kulikuwa na programu ya kurusha ndege, ile inayofuata taratibu zote za ndege ya kweli. Ukivuta usukani, pua inapanda. Ukikosea, unaanguka.

Na mimi nilikuwa naanguka kila siku. Naruka vizuri, napita juu ya mawingu, lakini nikifika karibu na uwanja nikashusha magurudumu, taa zote za mbele zinazimika na usukani unakufa. Nilikagua waya kwa wiki tatu sikuona kitu. Fundi mzima! Mzee Salum, mwenye duka jirani na kibanda changu, akawa ananisalimia kila asubuhi: "Rubani, jana umeua abiria wangapi?"

Mama Neema hakucheka. Alinikalisha chini akasema, "Baba Neema, nimevumilia vya kutosha. Mahindi ya shamba letu la Singe tunavuna wiki ijayo, na stoo ndiyo hiyo. Umewaalika watu Jumapili baada ya ibada waje kuona. Sawa. Isipotua salama mbele yao, Jumatatu hizo mbao ni kuni."

Unamjua mke wangu? Basi hakuwa anatania.

Jumamosi ile ilinyesha mvua ya ajabu. Mama Neema alikuwa kanisani, mazoezi ya kwaya. Mimi nilikuwa nimelala chali chini ya usukani na tochi mdomoni, TV zinawaka juu yangu, uwanja wa Kilimanjaro umetulia kwenye vioo. Nikasikia hodi.

Alikuwa mama wa makamo, shati jeupe lililopigwa pasi, suruali nyeusi, na mistari ya dhahabu mabegani. Nikajua ni rubani, labda ametumwa na mtu. Kilichonishangaza ni viatu. Nje ilikuwa tope tupu, lakini viatu vyake vilikuwa vikavu, vinang'aa. Halafu alinukia mafuta ya taa, jamii ya yale yanayochomwa na injini za ndege.

"Habari za kazi, Baba Neema," akasema.

Jina langu kalijuaje? Sikuuliza. Mpaka leo sijui kwa nini sikuuliza.

"Nzuri, mama. Karibu. Samahani, pako ovyo."

Aliinama, akaelekeza kidole chini ya kiti cha kushoto, mahali nilipounga waya wa ardhi kwenye fremu ya chuma. "Hapo umefunga nati juu ya rangi," akasema. "Kwaruza."

Nilitamani ardhi ipasuke. Rangi! Nilipaka fremu ile mwenyewe, rangi ikakaa katikati ya waya na chuma, umeme ukawa unapita kwa kubahatisha. Nikakwaruza kwa kisu, nikakaza nati. Nilipoinua kichwa, mama yule alikuwa ameshakaa kiti cha kulia na mkanda ameufunga.

"Kaa kwako," akasema. "Kushoto ni kwa rubani mkuu."

Tukaruka. Niamini, nimeirusha ndege ile mara nyingi sana, lakini siku hiyo haikuwa stoo. Kiti kilinisukuma mgongoni. Mkanda ulinibana tulipokata kona. Kwenye kioo nikaona mabati ya Bagara yanang'aa kwa mvua, nikaliona ziwa letu lote, na viboko wakiwa vidoa vyeusi majini. Programu yangu haina Babati. Haijawahi kuwa nayo.

Tulipokaribia Kilimanjaro nikaukamata usukani kwa mikono miwili. Nikashusha magurudumu. Taa hazikuzimika! Lakini uwanja ulikuwa unanijia kwa kasi, na nikaanza kuuvuta usukani kwa nguvu kama kawaida yangu.

"Acha kuangalia pua," akasema kwa sauti ya chini. "Tazama mwisho wa uwanja. Kule mbali. Sasa usipigane nayo. Iache ikae."

Nikatazama mbali. Nikalegeza mikono. Ndege ikagusa chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

Nilipiga kelele! Nilicheka na kulia kwa pamoja, mtu mzima mimi. Ndipo mlango ukafunguliwa.

"Baba Neema!" Mke wangu alisimama mlangoni, amelowa chapachapa. "Unaendesha nini humo? Umeme hakuna! Nguzo imeanguka tangu saa saba, mtaa mzima umezimika!"

TV zilikuwa bado zinawaka. Yeye aliziona. Aliona taa zote, na alisikia injini zikivuma. Nikageuka ili nimtambulishe mgeni. Kiti cha kulia kilikuwa kitupu, mkanda umefungwa barabara, umekumbatia hewa. Halafu kila kitu kikazimika kwa mpigo mmoja, tukabaki gizani na harufu ya mafuta ya taa.

Mama Neema alinishika mkono. "Nilisikia mnaongea wawili," akanong'ona.

Tuliomba pale pale, kwa sauti.

Jumapili umeme ulirudi, na watu wakaja. Wanakwaya, majirani, hata Mzee Salum akafunga duka. Walijazana mpaka mlangoni. Nikaruka, nikapanda, nikashuka, magurudumu yakatoka na taa zikabaki zinawaka, nikatazama mwisho wa uwanja. Ndege ilipotua, stoo ililipuka kwa vigelegele. Mzee Salum alinikumbatia, akasema, "Nisamehe, kapteni." Na Mama Neema, mbele ya watu wote, akatangaza: "Mahindi yatalala sebuleni!"

Siku hizi walimu huniletea wanafunzi, nawaketisha mmoja mmoja, nawafundisha kutua. Wawili wameshaniambia wanataka urubani, na macho yao ni mazima.

Kwangu mimi kumebaki jambo moja. Sikio langu la kulia liliziba siku ile ya mvua na halijazibuka sawasawa. Nilikwenda hospitali. Daktari alimulika ndani, akaniuliza, "Mzee, ulisafiri lini kwa ndege? Sikio hili ni la mtu aliyeshuka haraka kutoka juu sana."

Nikamwambia ukweli. Sijawahi kupanda ndege maisha yangu yote.

Kwa hiyo wewe unayejenga kitu chako chumbani na watu wanakucheka, jenga. Na akija mgeni mwenye viatu vikavu siku ya tope, usimfukuze wala usimhoji, fuata anachokuambia. Ila nakuonya: kabla hamjaanza kushuka, weka bablishi mdomoni na utafune kwa bidii, masikio yasizibe. Mimi hakuna aliyeniambia.