Sarafu ya wakimbiaji

Leo mama kaniuliza swali.

Mimi ni sonara hapa Makanyagio. Asubuhi mteja kaniletea sarafu ya ukumbusho, fedha tupu, niiyeyushe nimtengenezee pete.

Imechorwa wanariadha wa Ugiriki ya kale. Wanakimbia uchi kabisa.

Mara mama huyo mlangoni, katoka Katumba na mihogo yangu. Haraka nikaifunika kwa kidole. Mama yangu ni mtu wa kanisani, jamani.

Akakiondoa kidole changu.

Akaitazama weee. Wala hakuguna.

"Mbona hawajabeba kitu? Hata mtoto?"

Nikamwambia wanashindana tu, mama, hakuna anayewafukuza. Wa kwanza anavikwa taji la majani.

Akaigeuza, akaangalia upande wa pili. Akaigeuza tena.

"Na huyu wa mwisho, walimsubiri?"

Mama alikimbia vita Burundi akiwa binti mdogo, kambeba mdogo wake mgongoni. Babu, baba yake, alikuwa nyuma yao.

Hakufika.

Mteja kashapiga simu anaulizia pete yake. Mimi hata moto sijawasha.

Nyie mngemjibu nini mama?