Zuhura Ndani ya Mwezi

Mtaani walimwita Fundi Mwezi, na jina hilo alilipenda kuliko alivyotaka watu wajue. Kazi iliyomlisha ilikuwa nyingine: picha za pasipoti na vitambulisho, katika chumba kimoja chenye pazia jeupe, kiti kisicho na mgongo na koti jeusi lililoning'inia kwenye msumari. Koti lilikuwa la wateja waliokuja na fulana. Wakati mwingine hata koti halikuhitajika. Alimpiga mteja picha na fulana yake, kisha akambandikia koti na tai kwenye kompyuta, na mtu akaondoka na picha ya meneja. Mkono wake ulikuwa mwepesi kwa kazi hiyo, na wateja walimsifu.

Moyo wake lakini ulikuwa juu ya paa. Jengo lilikuwa na paa la zege ambapo wapangaji walianika nguo, na jua likizama alipanda huko na stendi ya miguu mitatu, kamera, na darubini aliyoinunua ikiwa imeshatumika na mtu mwingine. Mashimo ya mwezi aliyajua kama alivyojua mashimo ya barabara ya kwenda sokoni. Sayari ndizo zilizomtoa jasho. Hewa inayopanda kutoka kwenye mabati yenye joto hutikisa kila kitu, kwa hiyo akiitaka Zohali na pete yake alipiga picha mia tatu, akachagua hamsini zilizotulia, akazipanga moja juu ya nyingine kwenye kompyuta mpaka pete ikajitokeza.

"Fundi, jana ulimwambia afunge mdomo na atazame mbele?" muuza nyama wa jirani alimtania kila mwezi ulipokuwa mpevu.

"Huyo ndiye mteja wangu pekee asiyelalamika kwamba ametoka mnene," naye akajibu.

Alikuwa na binti mmoja. Mama wa mtoto alifariki binti akiwa na miezi minane, na Fundi akamlea mwenyewe, akimsuka kwa kubahatisha na kumpeleka shule na mikia miwili isiyolingana. Sasa binti alikuwa na miaka ishirini na moja, yuko chuo cha ualimu, na nywele alijisuka mwenyewe.

Ijumaa moja mchana binti huyo aliingia studio na bahasha kubwa kwapani, akawapita wateja wawili bila kuwasalimu. Hiyo haikuwa tabia yake. Alisubiri wateja waondoke, tena kwa shida, halafu akaitoa picha iliyokuwa ndani ya bahasha na kuiweka mezani.

Fundi aliitambua papo hapo.

Ilikuwa picha yake mashuhuri kuliko zote. Mwezi mwandamo, mwembamba, umelala juu ya tangi la maji la mtaa, na katikati ya pembe zake sayari ya Zuhura inang'aa. Ilikaa kwenye dirisha la studio miaka sita. Watu walisimama kuitazama. Ndiyo iliyompa lile jina.

"Baba, kuna mtu amekuita mwongo," binti alisema.

"Nani?"

"Mkufunzi. Mbele ya darasa zima."

Akaeleza huku akizunguka chumba. Alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, somo la mwezi na sayari, na picha hii ndiyo iliyokuwa zana yake. Mkufunzi aliyekuja kumpima aliitazama, akacheka. Akasema mwezi ni tufe; ile sehemu isiyong'aa haijatoweka, ipo palepale, imo gizani tu. Sayari iko mbali nyuma ya mwezi. Basi itaonekanaje ndani ya pembe, mwezi mzima ukiwa umeikinga? Akasema picha hiyo imebandikwa, na mwalimu anayefundisha kwa picha ya uongo hawezi kupita.

"Ukamjibu nini?" Fundi aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu wa chumba cha pili.

"Nikamwambia aliyeipiga ni baba yangu, na baba yangu hana tabia ya uongo. Tena mimi mwenyewe nilikuwepo. Nilimshikia tochi." Binti alivuta kiti akakaa. "Akasema haya, nimletee picha yenyewe kama ilivyotoka kwenye kamera. Nikimletea Jumatatu ataniomba radhi mbele ya darasa. Nisipomletea, nimefeli, narudia mwaka. Nitafutie, Baba. Nataka nimwone akiomba radhi."

Sasa tuseme ukweli, maana Fundi mwenyewe hakuusema siku hiyo.

Miaka kumi na miwili nyuma, alitangaza mtaa mzima kwamba jioni fulani mwezi na Zuhura vitakaribiana sana, na yeye atavipiga. Alijigamba kupita kiasi. Watu kama ishirini walipanda paani na viti vyao. Mawingu yakatanda saa kumi na mbili na nusu, yakakaa. Kufika saa mbili kasoro watu walishashuka mmoja mmoja, muuza nyama akisema mwezi umemkimbia Fundi kwa sababu haujalipwa. Alibaki yeye, na binti wa miaka tisa amelala fofofo juu ya mkeka, tochi ya bluu bado iko mkononi. Mawingu hayakufunguka hata kidogo.

Asubuhi alishindwa kuukabili uso wa muuza nyama. Hiyo ndiyo sababu yote, hakuna nyingine kubwa zaidi. Kabla ya kufungua studio alichukua mwezi mwandamo aliowahi kuupiga mwaka wa nyuma, akauweka juu ya picha ya tangi la maji aliyoitia giza, akatafuta Zuhura ya siku nyingine na kuibandika pale palipokuwa peusi, katikati ya pembe, kwa sababu palipendeza. Kwenye picha ile sehemu ya giza ilionekana kama anga tupu. Mtu aliyejua mashimo ya mwezi kwa majina hakukumbuka kwamba mwezi una upande mwingine. Alikuwa na haraka, na mkono wake ulishazoea kubandika tai.

"Mlishuka mapema," aliwaambia watu. "Nilipobaki na mtoto, mawingu yalifunguka dakika mbili."

Kisha akamgeukia mtoto, aliyekuwa amesimama kando na begi la shule. "Si ulikuwepo? Si ulinishikia tochi?"

Mtoto akamtazama baba yake. Halafu akasema ndiyo.

Miaka sita baadaye, Fundi alipiga mwezi mwandamo kwa kuacha lenzi wazi sekunde kadhaa, na kwenye kioo cha kamera ukatokea mwezi wote, ule ukucha unaong'aa na duara zima lililobaki, la kijivu, limekamilika. Palepale paani alielewa alichokifanya. Kesho yake aliitoa picha dirishani, akasema imepauka. Alikusudia kuichana. Binti akaiomba, akaitundika chumbani kwake, na Fundi hakupata neno la kumnyima.

Na siku hiyo ya Ijumaa pia hakupata neno, au tuseme alipata baya.

"Ile diski ilikufa zamani," alisema. "Picha zote za wakati ule zilikwenda nayo."

Binti alisogea. Akamshika baba yake bega. "Pole, Baba. Hujawahi hata kuniambia." Akaenda kumfanyia chai, na ile chai Fundi aliinywa kwa shida.

Angemjua binti yake vizuri zaidi angebuni uongo mwingine. Jumamosi asubuhi, Fundi akiwa anapiga picha za wanafunzi, binti alifungua droo ya chini, akaikuta ile diski, akaipeleka kwa fundi kompyuta aliye duka la tatu kutoka hapo. Hakumwambia baba. Alitaka kumfurahisha.

Saa nane simu ya Fundi ililia.

"Mzee, njoo mara moja," fundi kompyuta alisema. "Njoo peke yako."

Alikuta diski imeunganishwa, imefunguka bila shida, nzima kama siku iliyonunuliwa. Kwenye kioo kulikuwa na mwezi mwandamo juu ya anga tupu, Zuhura peke yake, tangi la maji mchana kweupe, na faili saba za hatua moja baada ya nyingine, jinsi vilivyounganishwa. Fundi kompyuta hakuangalia uso wa mwenzake. Alijishughulisha kufuta kibodi kwa kitambaa.

"Binti kasema diski imekufa," alisema.

"Ndiyo nilivyomwambia."

"Aah." Akaendelea kufuta. "Sikiliza, Mzee. Mimi sijaona kitu. Ukitaka, nakutengenezea faili moja safi, tarehe ile ile, saa ile ile, jina la kamera ndani yake. Mwalimu gani atajua? Nusu saa tu."

Fundi alijaribiwa, na tusimsingizie utakatifu. Alivuta kiti kabisa. Aliona Jumatatu ilivyo, mkufunzi akiomba radhi, binti akitabasamu, mambo yakaisha. Halafu akaona kwamba binti ndiye atakayeibeba ile faili kwa mikono yake na kuiweka mbele ya watu, akiapa. Mara ya kwanza alikuwa mtoto wa miaka tisa aliyeulizwa swali moja. Mara hii atakuwa mtu mzima, na atakuwa ametumwa na baba yake.

"Hapana," alisema. "Chomoa. Nipe diski."

"Una uhakika?"

"Nipe, ndugu yangu. Na asante."

Alitembea maduka matatu kurudi, na ilikuwa safari ndefu. Aliona haya hata kumsalimu muuza nyama, aliyekuwa amekaa nje akipunga kisu chake kama kawaida. Alifunga studio mapema, wateja wakiwa bado wanakuja.

Nyumbani binti alikuwa sebuleni akipiga pasi blauzi ya Jumatatu. Aliiona diski mkononi mwa baba, uso ukamchangamka.

"Imefunguka!"

"Haikuwahi kufa, mwanangu," Fundi alisema. Alibaki amesimama mlangoni, kwa sababu aliona kukaa ni kama kujipa heshima. "Picha ile niliibandika. Mwezi ni wa siku nyingine, Zuhura ni ya siku nyingine. Mkufunzi wako amesema kweli."

Pasi ilisimama juu ya kola. Binti aliiinua, akaiweka wima.

"Hapana," alisema polepole. "Ungesema ulirekebisha rangi, sawa. Lakini ile ni ya kweli, Baba. Mimi niliiona."

"Hukuiona."

"Niliiona! Nilikuwa nimekushikia tochi ya bluu. Mawingu yalifunguka upande wa tangi, ukaniambia nisitikisike. Nakumbuka baridi ya sakafu miguuni."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Maneno hayo aliyajua yote. Ndiye aliyeyasimulia, mwaka baada ya mwaka, kwa wageni na kwa wateja, binti akiwa amekaa kando anasikiliza, na kila mara aliongeza kitu kidogo. Ile baridi ya sakafu aliiongeza siku moja ili hadithi inoge.

"Ulikuwa umelala, mwanangu. Nilikubeba kukushusha. Mawingu hayakufunguka. Mimi ndiye niliyekuambia uliona, mpaka ukaona."

Binti alimtazama. Hakulia. Angelia, Fundi angejua la kufanya.

"Jumatatu nitakwenda nawe," Fundi alisema haraka. "Nitasimama mbele ya mkufunzi na darasa zima, nitasema mimi ndiye mwongo. Wewe hujui lolote."

"Na mimi utanisemea nini?" binti aliuliza. "Niliwaambia nilikuwepo. Niliapa. Utawaambia binti yako hajui alichokiona na ambacho hakukiona?"

Alikuwa na haki. Fundi alijua kusimama mbele ya darasa ni kazi ndogo kuliko kusimama pale mlangoni.

Binti alichomoa pasi. Akaikunja blauzi ikiwa na kola moja iliyonyooka na nyingine bado. Kisha akageuka ukutani, ilipotundikwa picha pekee aliyokuwa nayo ya mama yake: mwanamke kijana amekaa kwenye ngazi, anacheka, mtoto mchanga amemlalia begani.

"Na hii?" aliuliza.

"Hiyo ni ya kweli," Fundi alisema. "Mwanangu, hiyo naapa. Niliipiga mwenyewe, mlikuwa mmekaa pale nje, wewe na mama yako. Naapa kwa Mungu."

"Sawa," binti alisema.

Akaitoa picha kwenye msumari, akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Akainamisha kichwa, akapitisha kidole taratibu kwenye ukingo wa bega la mama yake, pale kichwa cha mtoto kilipokutana na nguo, akitafuta mahali palipoungwa.