Vyanzo Vitano na Bibi Mmoja

Msimamizi wangu wa utafiti alinirudishia sura ya pili mara mbili. Nilikuwa naandika juu ya mapumziko na michezo ya wanawake wa mwambao wa ziwa, naye akanieleza kwamba blogu za watalii si ushahidi. Nikimpelekea tena vitu vya kuokoteza, kuhitimu mwaka huu nisahau.

Basi nikajifungia chumbani kwangu Kitaji, nikaachana na kugugo ovyo, nikaingia kwenye maktaba za vyuo za mtandaoni. Siku ya tatu nilikuwa na vyanzo vitano vya wasomi, vyote vinasema neno moja: mwanamke wa mwambao huu hajui mchezo, yeye ni kazi tu. Watano wakikubaliana, wewe ubishe kama nani? Nilicheka peke yangu kwa furaha.

Ila mimi ni mbishi, nikafuata tanbihi zao. Wa tano kamnukuu wa nne, wa nne kamnukuu wa pili, na mwisho wote wakaishia kwenye tasnifu moja ya zamani iliyopigwa taipu. Hiyo nayo ilimtegemea mtu mmoja tu. Tanbihi ilisema ni mke wa msuka nyavu wa Kiriba, mama wa mapacha watatu, aliyehojiwa nyumbani, baba mkwe akiwepo.

Jamani! Kiriba nzima mama wa mapacha watatu nilimjua mmoja, na mmoja wa mapacha hao ndiye aliyenizaa mimi.

Kesho yake nilikuwa uani kwa bibi, anachambua dagaa, mimi namsomea ile tasnifu kwenye simu kwa Kiswahili. Aliuliza maneno yake yamekaa wapi humo kwenye simu. Nikamwonyesha mstari, akaugusa kwa kidole. Nikamwambia yamefika vyuo ambavyo mimi mjukuu wake sitavikanyaga. Bibi akacheka mpaka ungo ukamtoka mapajani.

"Nilimdanganya yule aliyekuja kunihoji," akasema. "Mkwe alikuwa amekaa pale, ningesemaje? Tulikuwaga tunaogelea sisi. Tukishateka maji tunashindana mpaka kwenye lile jiwe kule ziwani."

Niliitazama ile mikono yake yenye magamba ya dagaa. Wasomi wote wale, miaka yote ile, walikuwa wamesimama juu ya neno alilosema mke wa mtu kwa kuogopa masikio ya mzee mmoja. Na sura yangu ilikuwa imeanguka tena, safari hii nikiwa na furaha nayo.

Nikamuuliza kama naweza kumwandika upya. Kwanza aligeuka akalitazama kaburi la mkwe wake kando ya mihogo, kisha akanisogelea, akashusha sauti.

"Andika," akasema. "Ila andika kwamba nilikuwaga wa kwanza."