Chupa Iliyosuuzwa Mara Moja

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu Zaitun, nimesimama kwenye baraza ya msikiti wa mtaani kwetu, chupa mkono wa kulia na kikaratasi mkono wa kushoto, na watu wote wananitazama mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Kanzu yangu ilikuwa nyeupe ya kuumiza macho. Alasiri hiyo, kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha kahawa, nilimwangusha mtu mzima ambaye hakuwa amenikosea lolote.

Nakuandikia haya kwa sababu Jumamosi unavuka kwenda Mokowe kupanda basi, na baada ya hapo utakuwa wa chuo kikuu, si wetu tena. Umepata nafasi ya kusoma kemia na uchunguzi wa jinai, na nyumba nzima haina mazungumzo mengine. Mamako ameshakushonea koti la maabara. Babako anakuita daktari, na ukimwambia si udaktari anasema yote ni mamoja. Mimi peke yangu nilikaa kimya, nawe ukaniuliza mbona ami yako aliyesomesha kemia mpaka akastaafu hafurahi. Nafurahi, mwanangu, nafurahi mno. Ila kuna jambo sijapata kukusimulia, na sitaki uondoke hulijui.

Enzi zangu kozi kama yako hatukuwa nayo. Tulisoma kemia tupu, na ndani yake mhadhiri mmoja akatupa masomo machache kuhusu sumu na ushahidi. Masomo hayo machache yalinipanda kichwani. Niliporudi kisiwani kwetu Amu likizo ya mwaka wa pili, nilikuwa nanusa vikombe kabla ya kunywa, nikitazama vidole vya watu kana kwamba wote ni washukiwa. Mama alidhani naumwa. Debe shinda haliachi kutika, na mimi nilitika mtaa mzima.

Mfukoni nilikuwa na bahasha ya vikaratasi nilivyovitoa maabara bila ya kumuaga mtu. Vilipakwa wanga na dawa yake, na vikikutana na klorini hugeuka buluu. Utavijua wiki ya kwanza, wala hutaviona ajabu. Kwangu mimi vilikuwa kama pete ya Nabii Suleiman.

Sasa msikitini pale palikuwa na Bwana Shee. Alikuwa mtu wa Faza, mwembamba, mpole wa maneno, na kazi yake ilikuwa kuangalia birika la kutawadhia: kuteka, kusugua, na kuwatunza wale samaki wadogo wanaowekwa birikani ili wale viluwiluwi vya mbu. Chumba alicholala kilikuwa cha msikiti, na chakula cha mke na watoto wake kule Faza kilitoka kwenye kazi ile. Mwezi wa Maulidi ulikuwa mlangoni, kwa hiyo wazee wakafanya haraka birika lipakwe chokaa upya na lijazwe maji kabla wageni hawajafika. Siku ya tatu samaki wote wakaonekana wanaelea, matumbo juu.

Watu wakaanza kunong'ona. Ikasemwa kwamba Bwana Shee amechoka kusugua, ametia dawa ya kung'arishia nguo, ile yenye klorini, ili kazi iishe upesi, na dawa hiyo ilikuwa imekatazwa kabisa birikani. Imamu akamwita akamuuliza mbele ya watu. Bwana Shee akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hakutia kitu. Yeye ni mtu aliyeswali safu ya kwanza miaka kumi na moja, na yamini yake ilitosha. Watu walikuwa wanainuka waende zao.

Mimi ndiye niliyewaambia wangoje.

Niliwaambia chuo kikuu hatuamini viapo, tunapima. Ee Mola nisamehe, hayo ndiyo maneno niliyosema, tena msikitini. Nikakimbia nyumbani, nikaingia jikoni, nikachukua chupa ya kwanza niliyoiona, nikamwaga kilichobaki ndani bila ya kukitazama, nikaisuuza mara moja, nikarudi nikachota maji ya birika. Nikanusa mdomo wa chupa. Nikasikia harufu ya dawa kwa mbali, na badala ya kushtuka nikafurahi. Nikachovya kikaratasi. Kikageuka buluu mbele ya macho ya watu.

Imamu aliinamisha uso. Bwana Shee alikitazama kile kikaratasi, kisha akanitazama mimi, na hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyesahau jina lake mwenyewe. Akatoa ufunguo wa birika mfukoni, akauweka juu ya baraza taratibu, akavaa viatu vyake. Siku ya pili yake alipanda mashua ya Faza na kibunda chake. Mtaani nikaanza kuitwa profesa, na nikakubali kuitwa.

Usidhani kosa langu limeishia hapo. Hilo lilikuwa la ujinga, na ujinga una dawa. Sikiliza lililofuata.

Siku mbili kabla sijarudi chuoni, mama alikuwa akifua kanzu zangu. Akaniita kutoka uani.

"Hebu, tupa yangu ya dawa ya kanzu i wapi? Ile ilokuwa hapa jikoni?"

Sisi watu wa Amu chupa twaiita tupa, nawe wajua, ingawa nyinyi vijana mmeshaanza kuona haya kulisema. Nilisimama pale mlangoni. Ile dawa mama aliinunua kwa kipimo dukani na kuitia katika chupa isiyo na karatasi wala jina. Weupe wa kanzu yangu na ubuluu wa kile kikaratasi vilitoka chupa moja. Dawa haikuwa birikani. Dawa nilikwenda nayo mimi mwenyewe.

Na unajua nilimjibu nini mama? Nilimwambia sijaiona.

Nikapanda basi nikaenda zangu. Njia nzima nilijipa sababu: kwamba watu watasahau, kwamba Bwana Shee atapata kazi nyingine, kwamba nikisema watacheka elimu yenyewe na vijana wengine watazuiwa kusoma. Niliona haya, mwanangu, basi. Mengine yote yalikuwa mapambo.

Maabara kwetu kulikuwa na fundi, Mzee Mutiso, mtu wa Ukambani, aliyekuwa akitutayarishia vyombo. Hakuwa na digrii, na wahadhiri walimwogopa. Siku moja akatukuta tunaanza kipimo bila ya kupima kwanza maji matupu, yaani yale yasiyotiwa kitu, ili kujua kama chombo chenyewe ni safi. Akatuzuia. Wenzangu wakacheka. Mimi machozi yakanitoka mbele ya watu, na Mzee Mutiso akanivuta stoo kuniuliza nina nini. Nikamweleza yote, tangu vikaratasi nilivyoiba mpaka chupa ya mama.

Alinisikiliza akiendelea kufuta bilauri moja kwa kitambaa. Kisha akasema, "Kukosea kipimo hata mimi nimekosea, na nitakosea tena. Lakini wewe tangu uijue ile chupa umekaa miezi miwili. Hiyo miezi si kosa la kemia."

Halafu akaniambia vikaratasi vilivyobaki nimrudishie, isipokuwa vinne. Alisema nitavihitaji.

Likizo iliyofuata sikushukia nyumbani kwanza. Nilipitiliza hadi Faza, nikauliza njia mpaka kwa Bwana Shee. Nilimkuta anabeba mizigo gatini, kazi ya vijana, naye alikuwa ameshavuka miaka hamsini. Mkewe akanikaribisha uji, hakujua mimi ni nani. Nilipojitaja, akauweka ule uji chini hivi hivi, hakuniondolea wala hakunipa. Mpaka leo uji ule naukumbuka.

Nilimweleza Bwana Shee habari ya chupa. Nilimpigia magoti. Akanishika bega akaniinua, akanambia maneno haya, na nitakuandikia kama alivyoyasema:

"Mimi nimekusamehe, mwanangu. Lakini yamini yangu umeivunda mbee za watu. Huwezi kuiunga huku kwangu jikoni. Kaiunge mbee za watu."

Basi Ijumaa ile, baada ya swala, nilisimama mbele ya watu pale pale barazani. Safari hii nilivaa shati. Mama, nilipomweleza kweli, alinipa chupa ile yenyewe, aliyoikuta chumbani kwangu, kwa mkono wake, na sijapata kumwona mama na uso ule kabla wala baada. Nikaitia dawa kama ilivyokuwa, nikaimwaga, nikaisuuza mara moja. Nikateka maji kisimani, nusu katika chupa, nusu katika bilauri mpya iliyosuuzwa mara nyingi. Maji ni ya kisima kimoja. Kikaratasi cha chupa kikageuka buluu. Cha bilauri kikabaki cheupe. Nikarudia tena, ndiyo maana vilikuwa vinne.

Nikasema dawa ilikuwa chupani mwangu, na kwamba nilijua hivyo kabla sijaondoka nikanyamaza. Mzee mmoja akauliza, basi samaki waliuawa na nini? Nikasema sijui. Fundi chokaa akasema polepole kwamba huenda ni chokaa mbichi, maana birika lilijazwa kabla halijakauka sawasawa. Huenda. Maji yale yalikuwa yameshamwagwa zamani, hayana wa kuyapima, na hata leo ukiniuliza nitakujibu sijui. Neno hilo lilinigharimu kulisema siku ile kuliko mitihani yangu yote.

Bwana Shee alikuwepo, amekaa nyuma kabisa, karibu na viatu. Imamu akamwendea na ufunguo mkononi, akamwomba radhi kwa niaba ya wote. Hakuupokea. Alisema kwa upole kwamba ameshazoea Faza. Mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini alikuwa amekuja na ndoo ndogo yenye kifuniko, na ndani yake samaki wadogo saba aliowatoa kisimani kwao, kwa sababu alisikia birika letu bado halina samaki na mbu wamezidi. Kabla hajawamimina akanigeukia mimi, akaniuliza mbele ya watu wote kama nataka kwanza kuisuuza ndoo.

Watu walicheka mpaka imamu akacheka. Nilicheka na mimi huku nalia. Kisha akawamimina, akaondoka na ndoo yake tupu, na hakupata tena kuswali msikitini petu.

Sasa, mwanangu, usia wangu ni huu. Kule uendako watakupa vyombo vya kuona damu isiyoonekana na sumu isiyo na harufu, na watu watanyamaza ukisema. Kabla ya kupima maji ya mtu, pima chupa yako. Ukinusa unachokitaka, hapo ndipo usimame. Neno sijui nalo ni jibu, liandike bila ya kuona haya. Na siku utakayokosea, maana utakosea, usiilaze kweli hata usiku mmoja, irudishe pale pale ulipoiharibu, kwa watu wale wale. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuna kuta nyingine hazijengeki.

Katika sanduku lako, chini ya koti jeupe, nimekuwekea chupa moja tupu. Ndiyo ile. Usitie kitu ndani.

Nenda, Zaitun, na radhi zangu na za bibi yako aliyeitafuta chupa hii uani. Mola akupe macho yaonayo na moyo usioogopa kurudi nyuma, na kila mtu utakayemtaja jina lake mbele ya watu, aondoke na haki yake mkononi.