Karani wa Miaka Minne

Jumanne nilipiga foleni ya kuuza mahindi kwenye depo ya nafaka hapa Kitale. Mbele yangu, mjukuu wa nyanya mmoja, msichana wa miaka minne hivi, alikuwa amefungua depo yake ya mchezo kando ya magunia. Wateja wake walikuwa magunzi matatu. Aliuma punje, akatikisa kichwa bila hata kumtazama mteja.

"Hii iko na maji, mama. Rudi ukaanike. Mwingine!"

Foleni nzima ilicheka, isipokuwa karani anayepima unyevu. Zamu ya nyanya ilipofika, karani aliinua macho kwanza.

"Habari ya asubuhi, mama? Bado kidogo tu. Anika siku mbili, si utarudi?"

Nikakumbuka utoto wangu kule Tongaren, tukicheza cha mama na cha baba nyuma ya ghala. Mimi ndiye niliyekuwa baba. Nilikohoa mara moja tu, kama baba yetu alivyokohoa akiingia nyumbani, na nyumba nzima ikanyamaza. Hakuna aliyewahi kuniambia baba ni mtu wa kuogopwa. Nilielewa siku niliyoiga kikohozi chake.

Nilipogeuka, baba mwenyewe alikuwa amesimama pale.

Kuanzia jioni ile, alikuwa akirudi nyumbani akipiga mluzi tangu langoni.