Mpiga picha anayeziomba picha zake kwenye kuta za watu

Saa tatu asubuhi. Mpiga picha amepanda kigoda sebuleni kwa watu, viatu ameviacha mlangoni, anashusha ukutani picha ya harusi yenye fremu ya rangi ya dhahabu. Anaipuliza vumbi, anaifuta kwa upindo wa blauzi, kisha anaanza kuitoa kwenye kioo taratibu, maana karatasi imegandia pembeni.

"Polepole mwanangu, ninayo hiyo hiyo moja," anasema mwenye nyumba, bibi mwenye miwani, aliyesimama nyuma yake kama askari wa lindo.

"Usijali bibi. Mimi sina hata hiyo moja."

Anailaza mezani karibu na dirisha, anaipiga kwa kamera, anaitazama kwenye kioo kidogo cha kamera, anaipiga tena. Kisha anairudisha kwenye fremu, anashukuru, anavaa viatu na kwenda kubisha hodi nyumba ya pili. Harusi ile aliipiga yeye mwenyewe. Leo inabidi aiombe.

Mtaani kwake hakuna anayemwita kwa jina. Ni Bi Cheka, kwa sababu hajawahi kumpiga mtu picha bila kumwambia, "Cheka kidogo, hakuna anayekudai." Studio yake ni chumba kimoja kati ya kinyozi na duka la rangi: pazia la bluu, taa mbili, kiti cha kuzunguka kilichogoma kuzunguka, na kompyuta. Mtaa mzima ulikuwa ndani ya kompyuta ile. Waliozaliwa, waliooana, waliohitimu, waliozikwa.

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa siku ya kawaida. Mteja aliingia mbiombio na flashi ya kompyuta mfukoni, akataka kuchapiwa kipeperushi cha duka. Bi Cheka akaichomeka.

"Nimechomeka flashi za watu tangu nianze kazi," anasema. "Nani angewaza?"

Programu ya kuzuia virusi kwenye kompyuta yake ilikuwa imekwisha muda. Kila asubuhi ilimuuliza kama aisasishe, na kila asubuhi alibonyeza palepale: nikumbushe baadaye. Mdogo wake wa kike, anayefanya kazi ofisini, alikuwa amemsihi weka nakala, weka nakala, mpaka Bi Cheka akanunua diski ya nje. Ila hakuichomoa hata siku moja. Ilikaa imechomekwa nyuma ya kompyuta, maana aliona tabu kuinama kila jioni.

Kwa hiyo virusi vya ile flashi vilipomaliza kompyuta vilihamia kwenye diski, bila hata kubisha hodi. Kesho yake mafaili yote yalikuwa na majina ya ajabu ajabu, na hakuna lililofunguka. Kwenye kioo kulikuwa na tangazo la watu asiowajua wakitaka walipwe ndipo wayafungue.

Fundi wa kompyuta aliinama juu ya mashine hadi shingo ikamuuma.

"Dada, picha zako hazijafutwa," alimwambia. "Zimo humu humu. Zimefungwa, na ufunguo hatuna."

"Basi niwalipe?"

"Ukiwalipa watajua una pesa," mdogo wake alidakia. "Na hakuna hakika kwamba watafungua."

Hakulipa. Hilo halijutii. Anachojutia kilifuata, na akifika hapo huacha kutazama mtu usoni.

Aliamua kunyamaza. Aliogopa watu wakisikia picha zao zimepotea watamkimbia. Kila aliyeulizia picha yake alijibiwa kwamba kompyuta iko kwa fundi. Uongo wenyewe haukuwa mzito, na watu walikuwa wepesi kuupokea.

Miongoni mwao alikuwa mama muuza maziwa wa pale kona. Binti yake, mtoto wa pekee, alikuwa amemaliza shule, na Bi Cheka ndiye aliyempiga picha ya mahafali: joho, kofia imekaa upande, meno yote nje. Mama mtu hakuwa na haraka nayo. Alikuwa akitafuta fremu kubwa.

Binti ndiye hakuwa na subira. Kila asubuhi alipita studio na madumu ya maziwa, akachungulia mlangoni.

"Shikamoo Bi Cheka. Picha yangu?"

"Marahaba mwanangu. Wiki ijayo."

"Wiki ijayo ya mwaka gani?" alitania, akacheka, akaenda zake.

Kisha akaugua. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa siku chache tu, na hakurudi kutoka hospitali.

Baada ya msiba mama alikuja studio. Alikuwa amepata fremu. Aliiweka mezani na kukaa kwenye kile kiti kisichozunguka.

"Nimekuja kuchukua picha ya mwanangu," alisema.

Bi Cheka anasema alitamani kusema tena kwamba kompyuta iko kwa fundi, lakini mashine ilikuwa pale pale mbele yao. Akaeleza yote: flashi, diski, kufungwa, kila kitu.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Ilikuwa lini?"

Bi Cheka akamwambia.

"Alikuwa mzima," mama alisema. "Bi Cheka, alikuwa anapita hapa mlangoni kila siku. Si ungeniambia tu? Angekuja ukampiga nyingine."

Aliondoka. Fremu aliisahau, au aliiacha.

"Kufungiwa picha ni bahati mbaya," anasema Bi Cheka. "Lakini kunyamaza nilinyamaza mwenyewe. Yule mtoto alisimama pale, hatua mbili kutoka kwenye kamera. Nikamwambia wiki ijayo."

Siku ile ile alianza kuwaambia wateja ukweli, mmoja mmoja. Wengine walifoka, mmoja alilia, na karibu nusu yao hawajarudi. Waliobaki ndio wanaomfungulia milango sasa, apige upya picha alizowauzia. Kila jioni anaziweka kwenye diski mbili. Akimaliza anazichomoa zote, moja inabaki kabatini na nyingine inakwenda kulala kwa mdogo wake. Flashi ya mtu haigusi tena mashine yenye picha.

Katika kuzunguka huko alikuta picha ya harusi moja ambamo binti wa maziwa amesimama nyuma ya maharusi, bado mdogo, mashavu ya mviringo. Akamkuza, akachapa, akaenda kona asubuhi kabla wateja hawajajaa.

Mama aliishika picha muda mrefu.

"Ni yeye," alisema. "Lakini huyu ni mtoto. Yule mkubwa sijui nitamwona wapi."

Akaifuta mikono yake, akaitia picha kwenye mfuko wa aproni, akamuuliza anataka maziwa kiasi gani.

"Hakusema amenisamehe," anasema Bi Cheka. "Na mimi sikumuuliza. Ningeanzia wapi?"

Juzi juzi amepata fununu. Rafiki wa binti yule, waliyehitimu pamoja, anakumbuka walipigana picha kwa simu yake siku ya mahafali. Simu hiyo ilipasuka kioo na haiwaki tena, lakini hakuitupa. Yuko chuoni, mbali, na likizo atakuja nayo. Fundi amesema kama maji hayakuingia, huenda kumbukumbu yake ikasomeka. Huenda.

Bi Cheka ameshanunua wino mpya na karatasi nzuri, ile nene.

"Ikipatikana hata moja, hailali kwangu," anasema. "Nitaichapa na kukimbia nayo hadi kona, imfikie mama yake ikiwa bado ya moto."